Programu na Maktaba Iliyokosekana

Katika maneno yote ambayo kompyuta humwambia bwana wake, ni machache yachukiwayo kama haya: kwamba programu imeshindwa kuanza kwa sababu maktaba fulani ya shirika haikuweza kufunguliwa, wala hapana faili yenye jina hilo. Mtu aliyeketi mbele ya kioo akitumaini kupata hesabu zake hupata badala yake mstari mmoja wa majina magumu, na moyo humwanguka. Wengine hukasirika, wengine huacha kazi, na wengine hukimbilia dawa ya kwanza waambiwayo bila ya kuuliza maradhi. Mimi nimeishi na maneno hayo miaka mingi, kwa kuwa riziki yangu ni utunzaji wa kompyuta za aina ya Unix, na nimefika mahali pa kuyapenda. Nataka kueleza kwa nini, na kwa nini nadhani hata mtu asiyegusa kompyuta anaweza kupata faida ndani yake.

Yafaa kwanza tujue programu ni kitu gani. Mwandishi wa programu huandika amri zake kwa lugha ambayo mtu aweza kuisoma. Kisha programu nyingine, ambayo mafundi huiita kompaila, huyatafsiri maandishi hayo katika lugha ya mashine, lugha ya tarakimu tupu. Lakini hapana mwandishi aandikaye kila kitu mwenyewe. Kuchapa herufi katika kioo, kutafuta kipeo cha pili cha namba, kufungua faili, kubana maandishi yachukue nafasi ndogo: kazi hizi zilikwisha kufanywa na watu wengine zamani, wakaziweka katika makusanyo yaitwayo maktaba. Mwandishi huazima. Na kuazima huku kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili yale yaliyoazimwa yakaingia ndani ya programu yenyewe, nayo ikaenda popote ikiwa na mali yake yote, kama msafiri aliyebeba unga, chungu, kuni na mafiga. Njia ya pili ni programu kuchukua majina tu. Husafiri nyepesi, na katika kifua chake ina karatasi iliyoandikwa: nikifika nitahitaji fulani na fulani. Maktaba za njia hii ya pili ndizo ziitwazo maktaba za shirika, maana programu nyingi hutumia nakala moja.

Unix ilipozaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao, programu zake zilikwenda kwa njia ya kwanza. Mfumo mwingine wa zama zile, Multics, ulikwisha kuijua njia ya pili, lakini Unix iliazimia kuwa ndogo na nyepesi, ikaiacha. Miaka ilipopita programu zikanenepa. Programu ishirini zilizobeba kila moja nakala ya kazi zile zile zilikuwa zikijaza sahani na kumbukumbu kwa vitu vya namna moja, na kumbukumbu ilikuwa ghali. Kampuni ya Sun ilipotoa SunOS 4.0 mwaka 1988, maktaba za shirika ziliingia katika Unix kwa namna inayofanana sana na ile tuijuayo leo. Muda si muda ikafuata System V Release 4, ikaleta umbo la faili za programu liitwalo ELF. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ililipokea umbo hilo katikati ya miaka ya 1990. Tangu hapo kompyuta ya Linux ikiwasha programu mia, zote mia husoma nakala moja ya maktaba ya C iliyo katika kumbukumbu, na hapana hata moja iionayo kuwa imepungua.

Ushirika wowote hauendi bila ya ahadi, na ahadi ya maktaba imo katika jina lake. Chukua mfano wa maktaba ya kubana maandishi, libz.so.1. Ile namba 1 iliyo mwishoni si pambo. Ni kiapo cha watunzaji wake kwamba watarekebisha makosa, wataongeza mambo mapya, lakini mradi namba hiyo imesimama hawatavunja jambo lolote ambalo programu za zamani zilitegemea. Siku wakilazimika kulivunja, hubadili namba, na programu zilizotafsiriwa juu ya namba ya kale hazitaikubali mpya. Maktaba ya C ya Linux ni libc.so.6, na namba hiyo 6 haijabadilika tangu mwaka 1997. Twaweza kusema kwamba ni kiapo kilichotunzwa kuliko viapo vya watu wengi. Basi programu inaposema kwamba haikuona maktaba yenye namba 1, na mtu akaona katika saraka ile ile maktaba yenye namba 2, asiseme kuwa mashine ni mpumbavu. Programu imeomba ahadi iliyopewa, na ahadi nyingine, hata ikiwa bora, siyo ile.

Anayetafuta maktaba hizi ni mtumishi mmoja mdogo ambaye mafundi humwita ld.so, nami nitamwita mwunganishi. Programu ikiamriwa kuanza, mwunganishi hutangulia. Husoma ile karatasi ya majina, kisha huenda kuyatafuta kwa utaratibu usiobadilika. Hutazama kama programu yenyewe iliandikiwa ndani yake saraka za kutafutia. Hutazama saraka zilizotajwa katika kigeu cha mazingira kiitwacho LD_LIBRARY_PATH. Hutazama daftari lake, ambalo hutengenezwa na amri ya ldconfig kwa kuzipitia saraka zilizoandikwa na msimamizi wa kompyuta. Mwisho hutazama saraka za desturi, /lib na /usr/lib na zinazofanana nazo. Akikosa, hasemi uongo wala habahatishi. Hutaja jina la kitu alichokikosa, akaizuia programu isianze. Watu humlaumu kwa kuwa mkali. Lakini msomaji na afikiri: ni lipi jema, daktari kukataa kuanza upasuaji kwa sababu kisu hakionekani, au kuanza na kusimama katikati?

Nataka sasa kusimulia jambo moja, maana maneno matupu hayashiki kama habari ya mtu. Miaka michache iliyopita alinijia binti mmoja, mwanafunzi wa elimu ya maji, akitafuta shahada yake ya pili. Mwalimu aliyemwongoza alikuwa amefariki dunia. Marehemu alikuwa amepima mto mmoja kwa muda mrefu, na vipimo vyake alivipitisha katika programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Fortran, ikatoa hesabu za kina cha mafuriko. Kompyuta yake ya kale ilikuwa imekufa. Maandishi ya asili ya programu hayakupatikana katika karatasi wala katika sahani. Kilichosalia ni programu yenyewe iliyokwisha kutafsiriwa mwaka 2003, pamoja na majedwali ya hesabu yaliyochapwa na kufungwa katika majalada. Binti alikuwa na vipimo vipya vya miaka iliyofuata. Kama programu isingefanya kazi, vipimo vyake vingesimama upande mmoja na vya mwalimu wake upande wa pili, wala hapana ambaye angeweza kusema kwa hakika kwamba mto ulibadilika. Angeweza kuambiwa kuwa kilichobadilika ni njia ya kuhesabu. Muda wa kutoa kazi yake ulikuwa umebaki miezi minne.

“Shikamoo, mwalimu,” aliniambia. “Mashine hii inanidhihaki. Faili lipo, nimeliona kwa macho yangu na nimeliorodhesha mara kumi. Nikiliamuru lianze, naambiwa hapana faili wala saraka yenye jina hilo.”

“Marahaba, binti yangu,” nilimjibu. “Mashine haikudhihaki. Imesema kweli, lakini imesema kwa ufupi mno.”

Kitendawili hiki kimewatesa wengi, na ufumbuzi wake ni huu. Kila programu ya namna hii hutaja ndani yake si majina ya maktaba tu, bali pia jina la mwunganishi imtakaye. Programu ya marehemu ilitafsiriwa kwa ajili ya mashine ya biti 32, nayo ilimtaka mwunganishi akaaye katika /lib/ld-linux.so.2. Kompyuta mpya ya binti ilikuwa ya biti 64, na mwunganishi huyo wa kale hakuwamo. Kiini cha Linux kilipokwenda kumtafuta hakikumwona, kikasema hapana faili. Na mtu asomaye hudhani lisemwalo ni lile faili alilolitaja yeye. Amri ya file ilitutolea jambo hili katika mstari mmoja: biti 32, na jina la mwunganishi. Tuliweka katika kompyuta maktaba ya C ya biti 32 pamoja na mwunganishi wake, na dhihaka ikaisha. Mara ile programu ikatoa lalamiko jingine, na safari hii lilikuwa na jina: libg2c.so.0 haikuonekana.

Binti alihuzunika, mimi nikafurahi. Alihuzunika kwa kuwa aliona mlango umefunguka nyuma yake kuna mlango mwingine. Nilifurahi kwa kuwa mgonjwa aliyekuwa akisema “naumwa” sasa alikuwa amenyosha kidole mahali pa maumivu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Programu hii haikuficha. Niliisoma karatasi yake ya majina kwa amri ya readelf. Wengi hutumia ldd, na ldd ni nzuri kwa kuwa huonyesha kila jina na mahali lilipopatikana. Lakini mtu asiitumie kwa programu asiyoijua asili yake, kwa maana katika hali fulani ldd yaweza kuiendesha programu yenyewe, na programu ya adui ikiendeshwa imekwisha kuingia nyumbani. Karatasi ilikuwa na majina matatu. Mawili yalikuwapo: maktaba ya hisabati na maktaba ya C. La tatu lilikuwa hilo libg2c.

Hilo libg2c lilikuwa maktaba ya kompaila ya Fortran iitwayo g77, moja ya watoto wa GCC. Ilipotoka GCC 4.0 mwaka 2005, g77 iliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na gfortran, yenye maktaba yake mpya iitwayo libgfortran. Kwa hiyo programu ya marehemu ilikuwa ikiita jina la jamaa ambaye ukoo wake ulikwisha kuhama mji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na waandishi wa Fortran waliendelea na kazi zao. Lakini vyombo vilivyofuliwa kwa koleo la kale vilibaki vikilitafuta.

Kijana mmoja mwenzangu wa kazi, mwepesi wa mkono na mwepesi wa shauri, alisema kazi ile ni ya dakika moja. Tuchukue libgfortran ya biti 32, tuipachike jina la libg2c.so.0 kwa faili la kiungo, na mwunganishi ataridhika. Shauri hili ni la kawaida sana, na mara moja moja huleta nafuu. Kwa hiyo sikulikataa kwa dharau. Nilimwambia alijaribu katika nakala, mbali na faili la asili. Alifanya. Mwunganishi aliliona jina, akaifungua maktaba, kisha programu ikafa pale pale na lalamiko jipya, kwamba liko jina la kazi ambalo halijulikani. Sababu ni wazi. Kazi zilizomo ndani ya libgfortran zina majina yake mwenyewe, siyo yale ambayo g77 iliyazoea. Ukimvika mtu kanzu ya kadhi, watu watamsalimia kama kadhi, lakini kesi ikiletwa hatajua la kuhukumu.

Nilimweleza kijana yule, na hapa nasema kwa kila mtu, kwamba kushindwa kwa hila ile ilikuwa bahati yetu. Balaa ingalikuwa kama ingalifaulu nusu. Maktaba mbili zenye majina ya kazi yanayofanana huweza kuhitilafiana katika maana: moja hupokea namba tatu, nyingine hupokea nne, moja hupanga tarakimu hivi, nyingine vile. Programu ingeanza, ingehesabu, ingechapa majedwali mazuri, na kina cha mafuriko kingekuwa cha uongo. Mtu angejenga daraja juu ya namba hizo. Kosa lisemalo “sikuona” hukupotezea siku. Kosa linyamazalo laweza kukupotezea maisha ya watu.

Basi tulifuata njia ndefu, na njia ndefu ilikuwa fupi. Debian, jumuiya ya watunzaji wa Linux iliyoanza mwaka 1993, hutunza hifadhi ya matoleo yake ya kale. Katika hifadhi hiyo tulipata libg2c ya zama zile zile, ya biti 32, kama ilivyotafsiriwa na watunzaji wake. Hatukuimwaga katika /usr/lib ikachanganyika na vitu vya leo. Tulifanya saraka moja, tukaweka ndani yake programu ya marehemu na maktaba yake ya kale, na kando yake tukaandika hati ndogo ya mistari miwili ambayo huweka LD_LIBRARY_PATH kwa ajili ya programu ile peke yake, kisha huianzisha. Wako watu ambao huandika kigeu hicho katika mazingira yao ya kila siku, kikatawala programu zote. Nao baada ya mwezi hushangaa kwa nini programu nyingine isiyohusika imevurugika. Dawa ya mgonjwa mmoja haitiwi katika kisima cha mji.

Programu ilianza. Lakini kuanza siyo kusema kweli, nasi hatukuiamini mpaka ilipothibitishwa. Binti alichukua vipimo vya mwaka mmoja ambavyo hesabu zake zilikuwamo katika majalada ya mwalimu wake, akavipitisha tena. Alikaa akilinganisha mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi na macho juu ya kioo, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Zilifanana zote. Siku zilizofuata alifanya jambo lililonipendeza kuliko mengine: aliandika programu mpya kwa Fortran ya leo, akaifanya ya kale kuwa shahidi. Kila mahali zilipohitilafiana alitafuta sababu mpaka akaipata. Alipotoa kazi yake, miaka ya mwalimu na miaka ya mwanafunzi ilisimama katika jedwali moja, ikahesabiwa kwa njia moja, na hapana mtahini aliyeweza kuitenganisha.

Kutokana na mambo ya namna hii huzuka swali ambalo mafundi hubishana hata leo: je, haikuwa heri programu kubeba kila kitu chake? Kama marehemu angaliitafsiri programu yake kwa njia ya kwanza, maktaba yote ikiwa ndani yake, libg2c isingalikosekana hata siku moja. Wako wenye akili kubwa ambao wamesimama upande huo. Watu wa maabara ile ile ya Bell iliyozaa Unix, walipojenga mfumo mwingine ulioitwa Plan 9, hawakuweka maktaba za shirika. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009 na ambayo Ken Thompson ni mmoja wa walioibuni, kwa kawaida hutoa programu iliyobeba karibu vitu vyake vyote. Sahani na kumbukumbu siku hizi ni rahisi, na msafiri mwenye gari haoni uzito wa mafiga.

Lakini upande wa pili una hoja zake. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba maktaba ya OpenSSL, ilindayo siri za mawasiliano, ilikuwa na ufa uliopewa jina la Heartbleed, ambao kwa huo mtu wa mbali aliweza kusoma sehemu za kumbukumbu ya mashine isiyo yake. Kwenye kompyuta zilizotumia maktaba ya shirika, msimamizi aliiweka maktaba iliyorekebishwa mara moja, akazianzisha upya programu, na zote zilizoiazima zikapona pamoja. Programu iliyokuwa imebeba nakala yake tumboni ilibaki na ufa mpaka mwenyewe alipoitafsiri upya. Na kama mwenyewe hayuko, hapana wa kumponya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nyufa zilizotawanyika katika nyumba elfu nani atazihesabu?

Wala ushirika hauna fadhila tupu. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, yenye maktaba ya kubana maandishi iitwayo liblzma, yalikuwa yametiwa sumu kwa makusudi. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya ssh kunachukua kama nusu ya sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kulipuuza. Programu ya ssh yenyewe haikuihitaji liblzma. Iliipata kwa kuwa baadhi ya mifumo iliifungamanisha na maktaba nyingine, na maktaba hiyo nyingine ndiyo iliyoihitaji. Samaki mmoja akioza huoza wote. Anayeshirikiana na jirani hushirikiana pia na rafiki wa jirani, ambaye pengine hakumwona hata siku moja.

Kwa hiyo mimi sikusimama kwa mtu asemaye shirika daima, wala kwa mtu asemaye kila mtu na chungu chake. Kitu kitakachohitaji matengenezo ya kila mara, na ambacho watunzaji wake wako hai na wana bidii, kifae zaidi kuwa cha shirika. Kitu kitakachowekwa katika sanduku na kufunguliwa baada ya miaka ishirini, kifae zaidi kubeba mali yake, au walau kuwekwa pamoja nayo. Mtu mwenyewe ni hivi. Mtu ni watu, hapana ajitoshaye. Lakini mwenye busara hujua ni nani anaowategemea, na kwa kitu gani.

Atakayekutana na maneno yale ya kukosekana maktaba na afuate adabu hizi. Kwanza asome jina lote, pamoja na namba ya mwisho, kwa maana libssl.so.1.1 siyo libssl.so.3, wengi walilijua hili Ubuntu 22.04 ilipotoka na OpenSSL 3 bila ya ile ya 1.1. Pili aulize kama maktaba haimo kabisa au imo mahali ambapo mwunganishi hatazami. Ikiwa imo katika saraka ngeni, saraka hiyo iandikwe katika /etc/ld.so.conf.d na ldconfig iendeshwe, kwa kuwa maktaba isiyomo katika daftari ni kama mgeni asiyebisha hodi. Tatu atazame kama biti zinalingana. Nne, akiambiwa kwamba toleo la GLIBC_2.34 halikupatikana, ajue kwamba programu ilitafsiriwa juu ya mfumo mpya kuliko wake. Maktaba hiyo ya C ilitolewa mwaka 2021, ambapo Ubuntu 20.04 ina 2.31. Hapo dawa ni kuitafsiri programu juu ya mfumo wa kale. Asithubutu kuing'oa libc kwa mkono na kutia nyingine, kwa kuwa karibu kila amri ya mashine imeiegemea hiyo, na atakayeivunja hatabaki hata na amri ya kuirudisha.

Na adabu ya mwisho ni ya mwenye kuandika, wala si ya mwenye kukosa. Sisi sote tutaacha kazi zetu siku moja mikononi mwa watu wasiotujua. Mwenye kuacha programu na aache maandishi yake ya asili, ataje kompaila aliyoitumia na toleo lake, na aandike kwa jina na namba kila alichokiazima. Mwenye kuacha kitabu na ataje aliowasoma. Mwenye kuacha shamba na aonyeshe mpaka na kisima. Urithi mwingi hupotea duniani ingawa kila kitu kipo, ila jina la kitu kimoja halikuandikwa. Na warithi huketi mbele ya mlango uliofungwa wakidhani marehemu hakuacha kitu. Heri chombo kinachoweza kusema mbele ya watu, bila ya haya na bila ya kubahatisha, kitu gani kinakikosa. Tukijifunza kusema hivyo nasi, na kusema mapema wakati wenye kutusaidia wangali hai, kazi nyingi ambazo leo tunaziita zimekufa zitaanza tena.